Mkate kwa mkono wa sweta: shajara ya mradi wa usalama shuleni kwetu, Njoro

Muhula wa kwanza 2026, wiki ya 4

Naanza kuandika leo juu nimeona tukiacha haya mambo kichwani yanapotea, na baadaye kila mtu anakumbuka vyake. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na ndiye nasimamia ofisi ya gaidansi, ya kuwashauri wanafunzi, katika shule ya bweni huku upande wa Njoro, Nakuru, wavulana na wasichana pamoja. Mwaka jana muhula wa tatu vijana wawili walishikana kwa laini ya chakula cha mchana, kitu ya kugongana bega tu, na kabla sufuria ya maharagwe ifike nusu tulikuwa walimu watano pale, huyu anasema lala chini, yule anasema kimbia ofisini, mwingine amekuja na kiboko akaanza na kijana aliyekuwa karibu, kumbe huyo ndiye alikuwa anawaamua. Jioni mawe yakaanza. Vioo 14 vya ofisi vilivunjika na msichana mmoja akashonwa nyuzi sita kwa kichwa, na yeye hata kwa diningi hakuwa siku hiyo.

Nimekaa na hiyo kitu likizo yote. Vijana walianza, ndio, lakini petroli tulimwaga sisi watu wazima. Kwa hivyo nikamwendea prinsipo nikamwomba Jumatano nane, saa kumi jioni, ya kujiandaa sisi wenyewe kama wafanyakazi, tujue kuona mapema, tujue kuingilia vita bila kuikuza, na tujue cha kufanya ikishaisha. Amekubali. Pesa hakuna, lakini amesema chai itakuwa na karatasi za manila tutapewa.

Wiki ya 5

Kikao cha kwanza, walimu 27 kati ya 29. Tuliongea sana. Simu zinaingizwa kwa siri, bangi, presha ya moku (mtihani wa majaribio), chakula, wazazi wametuachia watoto. Yote ni kweli na yote tumeyasema miaka yote, na baada ya saa nzima nilihisi tunazunguka mti ule ule. Nikatoka kwenda jikoni kuuliza kama chai imeiva.

Hapo ndio mradi ulianza kwa kweli. Mama mpishi akaniuliza, Madam, mnaongea juu ya watoto kupigana? Nikasema ndio. Akaweka mwiko chini, akavuta mkono wa sweta yake mwenyewe mpaka ukafunika vidole, akanionyesha: hawa wa gredi 10 asubuhi wakichukua mkate hawauli, wanaukunja hivi, wanausukuma huku ndani, halafu wanakunywa chai kavu. Ukitaka kujua angalia hapa kwa kiwiko, utaona mafuta ya Blue Band. Nikamuuliza tangu lini. Tangu wafike, akasema. Mbona hukusema mama? Akaniangalia tu, hakuwa na hasira, akasema, "Nimwambie nani, Madam?"

Nilirudi stafrumu na chai lakini sikusikia tena kilichosemwa.

Usiku nikampata metroni. Yeye naye alikuwa ameona sweta zina madoa ya mafuta kwa mikono akadhani ni uchafu wa watoto wageni, ameshawagombeza mara mbili. Mkate ulikuwa unaenda bwenini kwa Form Four. Wanaita kodi ya kitanda. Usipotoa unalala sakafuni, ama unachapwa na taulo iliyoloweshwa juu haiachi alama. Mwaka huu Form Two hakuna juu mtaala umebadilika, tuna gredi 10 ya mtaala mpya kwa mara ya kwanza halafu Form Three na Form Four, na wakubwa wanawaona hawa kama wageni waliokuja na masomo yao mapya wakitarajia kubebwa. Hatukuliwaza hilo hata kidogo tulipokuwa tunawapokea Januari, tulihangaika na madawati tu.

Watu wawili wana nusu nusu ya habari moja, na mimi mwenye ofisi nina sifuri. Kutowaita kwa kikao hiyo ilikuwa kosa langu, sikuuliza hata.

Wiki ya 6

Nimeomba wafanyakazi wote waingie, wapishi, askari wa geti, metroni, mtu wa shamba, dereva, mtu wa maabara, jumla 13. Basa, mtu wa pesa za shule, alikuwa na wasiwasi kazi itasimama saa kumi na ana haki, chakula cha jioni hakijipiki, basi tumegawa wapishi zamu mbili. Walimu wawili hawakufurahia kukaa benchi moja na askari kuzungumzia wanafunzi. Sijabishana nao. Nimewapa manila.

Kazi ilikuwa hii, kila kundi lichore shule na liweke nukta nyekundu kila mahali mtoto anaweza kuumizwa bila mtu mzima kuona. Nukta za walimu zote zilikuwa za mchana, madarasani, uwanjani, laini ya chakula. Za wafanyakazi zilikuwa za alfajiri na za magharibi. Nyuma ya tangi la maji. Vyoo vya upande wa msitu. Ile njia ya kutoka prepu (masomo ya usiku) kwenda mabweni ambapo taa imekufa tangu Novemba. Mzee wa geti ya nyuma aliweka nukta moja mahali hakuna mwalimu aliyewahi kukanyaga, kati ya stoo ya kuni na ukuta, nafasi ya upana wa mtu mmoja, akasema hapo ndio wanaitana saa kumi na nusu asubuhi kabla ya kengele. Miaka tisa yuko kwa hiyo geti.

Ratiba ya zamu tumebadilisha siku hiyo hiyo. Ilikuwa inalinda mchana, tena mahali watoto wako mbele ya mwalimu tayari.

Nikawaambia pia kitu ambacho nilisoma kitambo. Kule Marekani mwaka 2002, Secret Service, kikosi kinacholinda rais wao, na wizara yao ya elimu walichunguza mashambulizi 37 yaliyofanywa shuleni na wanafunzi, na katika visa 81 kwa kila 100 kuna angalau mtu mmoja aliyejua kabla, mara nyingi mwanafunzi mwenzake. Yao ni ya bunduki na yetu si hayo, lakini hilo la kujua ni letu kabisa. Straiki haianguki kutoka mbinguni. Watoto wanahamisha masanduku kimya kimya, wanaomba kulala bweni lingine, darasa lililokuwa na kelele linanyamaza. Kuna mtu anaona, na mtu huyo anahitaji mahali pa kupeleka neno bila kuonekana msaliti. Kwa hivyo kuanzia leo kuna daftari mbili, moja jikoni moja getini, unaandika ulichoona na saa, si unachofikiria, na jioni mimi ama dipyuti, naibu wa prinsipo, tunasoma. Asiyependa kuandika ananipigia.

Juu ya mkate, hatukutangaza paredi. Ungetangaza hapo usiku huo huo mtoto angelipia. Mwalimu wa zamu sasa anakunywa chai yake kwa meza za gredi 10, bodingi masta analala upande wa bweni lile, na wale Form Four wanne waliokuwa wanachukua mkate nimewaona mmoja mmoja. Mmoja alilia. Na yeye alilipa hiyo kodi alipokuwa Form One, na hakuna mtu mzima aliyewahi kumuuliza, mimi nikiwemo.

Wiki ya 7

Viboko. Kikao kigumu kuliko vyote na nilijua.

Sheria niliisoma kwanza ili tusibishane juu yake. Kiboko kiliondolewa shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya mwili na pia kumtesa mtoto kiakili, faini isiyozidi shilingi 100,000 ama kifungo kisichozidi miezi 6 ama vyote viwili. Mwalimu mmoja mkongwe, mtu namheshimu sana, akasema Madam hii sheria tunaijua, lakini sisi wenyewe tulichapwa na tumekuwa watu, na hawa ukiwaachilia watakupanda kichwani. Wengi waliitikia. Nilimuuliza, mwalimu, ile siku ya maharagwe, kiboko kilizima vita ama kiliwasha? Hakujibu haraka. Baadaye akasema kiliwasha, lakini sasa mimi nishike nini?

Hilo swali ni la haki na naliandika hapa juu watu wanaopinga viboko hulikimbia. Ukimnyang'anya mtu chombo alichotumia miaka 20 bila kumpa kingine, akizidiwa atakirudia. Tulikaa hapo hapo mpaka saa kumi na mbili unusu tukitafuta cha kushika. Mtoto anayerekebisha alichoharibu kwa mikono yake. Mzazi kuitwa siku ya kwanza, si siku ya kufukuzwa. Kumnyima mwanafunzi kitu anachokipenda, kwa muda unaojulikana mwanzo na mwisho. Na kikao cha wale wawili waliokosana, kila mmoja anasema kilichotokea bila kukatwa, nani aliumia, na nini kifanyike ili watosheke. Hiki si kigeni, wazee wetu huku wamepatanisha mipaka ya mashamba hivyo, na baada ya vurugu za uchaguzi za 2008 kuna vijiji hapa Molo na Njoro vilirudi kukaa pamoja kwa mabaraza ya aina hiyo. Kina shida yake pia, nimesema wazi: hakitumiki pale mmoja amemwonea mwingine muda mrefu, juu utamkalisha mtoto mbele ya mtesi wake umwambie samehe. Hapo anayeonewa analindwa kwanza.

Wiki ya 8

Mazoezi uwanjani, na watu walicheka mwanzo halafu wakaacha kucheka. Walimu wawili wa michezo walijifanya wanafunzi wanaopigana na tukaingilia kwa zamu. Mtu mmoja tu anaongea, wengine wanaondoa watazamaji, juu bila watazamaji vita nyingi zinakufa njaa. Simama mbali kidogo, kama urefu wa mikono miwili, kaa upande, usimzibe njia ya kutokea, mikono ionekane. Sauti ishuke yake ikipanda. Mwite jina. Mpe njia mbili zote zenye heshima, tukae hapa chini ya mti ama twende ofisini polepole, sio piga magoti. Usimshike kama si lazima ya kuokoa mwili wa mtu. Na usimuulize kwa nini umefanya hivi damu ikiwa bado moto, hatakuwa na jibu na ataona unamdharau.

Aliyefanya vizuri kushinda wote ni dereva wa basi. Alikuja pole pole, akasema kijana, hiyo shati imeraruka, njoo tuitafutie sindano, na mwalimu wa michezo aliyekuwa anaigiza hasira akajikuta amemfuata kweli.

Tukaandika pia cha baada. Huduma ya kwanza kabla ya maswali. Wawili wakae vyumba tofauti. Kila aliyeona aandike siku hiyo hiyo, peke yake, bila kulinganisha. Wazazi wa pande zote mbili wapigiwe kabla watoto hawajalala.

Wiki ya 9

Dhuluma za kingono. Tulitumia saa moja tu na sikutaka mjadala, nilitaka kila mtu atoke anajua. Maelekezo ya TSC, tume inayoajiri walimu, ya mwaka 2010 yanasema mwalimu akipata habari kwamba mwanafunzi amedhulumiwa aripoti ndani ya saa 24, na kunyamaza ni kosa. Mtoto asioge, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwa bahasha ya karatasi sio ya plastiki, hospitali kabla ya kitu kingine chochote, manake dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi lazima ianze ndani ya saa 72. Simu ya watoto ni 116, bure, mchana na usiku. Na hakuna kumalizana nyumbani. Hakuna mbuzi, hakuna wazee, hakuna barua ya kuomba msamaha. Metroni alisema watu wanaogopa jina la shule kuharibika. Nilimwambia jina la shule si mtoto, halitokwi na damu.

Wiki ya 11

Moto. Hii nimeiogopa kuliko zote.

Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67 walikufa, mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana vyuma. Wanafunzi wawili walishtakiwa kwa kuuwasha moto ule. Hillside Endarasha kule Nyeri, Septemba 2024, wavulana 21, wadogo wa praimari. Niliyataja bila kuongeza neno halafu tukaenda bwenini na tepu ya fundi. Kile kitabu cha wizara cha viwango vya usalama cha 2008 kinataka angalau mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda. Sisi tulipata sentimita 65, mahali pengine 50. Milango inatakiwa kufunguka kwa nje na isifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani, madirisha yasiwe na vyuma, na kuwe na mlango wa dharura. Wa dharura tunao. Nikamwomba askari aufungue nikashika saa ya simu.

Funguo zilikuwa 19 kwa pete moja, hazina alama. Ya kwanza haikuingia. Ya nne iliingia haikuzunguka. Mikono yake ilianza kutetemeka ingawa jua lilikuwa linawaka na hakukuwa na moto wowote, na sisi watu 30 tumesimama nyuma yake kimya. Ilipopatikana kufuli lilikuwa na kutu, ikabidi litiwe mafuta ya taa. Dakika 6 na sekunde 40. Metroni alikaa kwa kitanda cha mtoto akajifunika uso na leso.

Ijumaa hiyo hiyo kufuli lilitolewa, sasa ni komeo la ndani la kusukuma. Prinsipo aliita fundi wa kuchomelea vyuma siku iliyofuata akaondoa vile vya bweni la wavulana. Vya wasichana bado, wazazi fulani wanaogopa watu wa kutoka nje kuingia. Naelewa hofu yao na bado nasema vitoke, ulinzi wa nje uwekwe nje, getini na kwa ua.

Muhula wa pili, wiki ya 6

Sikuandika muda mrefu, kazi ilikuwa nyingi. Naandika hii saa saba usiku.

Leo saa tatu na dakika arubaini mzee wa geti ya nyuma alinipigia. Madam, akasema, sijui kama ni kitu. Kijana wa bodaboda anayeleta mboga amemwambia kuna mwanafunzi alimpa mia tatu amletee petroli kwa chupa ya soda, akakataa, akarudisha pesa. Mwaka jana hii habari ingeishia pale getini. Mzee alikuwa ameshaandika kwa daftari, saa, maneno ya bodaboda, na kwamba kijana alikuwa na bendeji kwa kidole gumba.

Kidole gumba. Metroni alimfunga hiyo bendeji Jumapili, kwa hivyo dakika tano tulijua ni nani. Form Four.

Hatukupiga kengele wala kuzima taa. Bodingi masta aliingia bwenini kama kawaida ya kuhesabu, askari wawili wakakaa karibu na milango bila rungu, dipyuti akapiga simu kwa prinsipo na kituo cha polisi kuwaarifu. Mimi nikamwita kijana nje, chini ya taa ya njia ya prepu (ile taa imetengenezwa mwezi wa tano), nikampa kiti. Nilimwambia najua juu ya chupa, sijakuja kupigana na wewe, nataka kujua umebeba nini. Alikaa kimya muda mrefu sana. Halafu akasema, Madam, tumenyimwa kwenda nyumbani likizo ya katikati darasa zima juu ya simu moja, na mimi mamangu ako hospitali ya Level 5 Nakuru wiki ya tatu na nimeomba ruhusa mara mbili.

Nilikagua. Ameomba kweli. Barua zake zote mbili zilikuwa kwa trei ya mwalimu mmoja wetu, chini ya karatasi za moku.

Alichopanga hakiwi kidogo kwa sababu ya barua, na nimemwambia hivyo macho kwa macho. Watoto 94 wanalala kwa lile bweni. Masanduku yamekaguliwa, hakuna kitu. Amelala chumba cha wagonjwa na mlinzi karibu, baba yake anafika kesho asubuhi, ofisa wa elimu amearifiwa na polisi watakuja mchana wakiwa na ofisa wa watoto. Adhabu ya darasa zima prinsipo ameiondoa usiku huu huu. Sitasema ameshindwa, amesikia. Na kesho kabla ya yote dereva atampeleka huyu kijana na baba yake kumwona mama.

Alhamisi, wiki hiyo hiyo

Alimwona. Kesi yake inaendelea na sitaiandika hapa zaidi ya hivyo, ni mtoto.

Kila barua ya ruhusa sasa inajibiwa ndani ya siku mbili, ndio ama hapana, kwa maandishi, na orodha inabandikwa mlango wa dipyuti. Mwalimu wa zile barua amekuja ofisini kwangu mwenyewe, tumekaa muda mrefu. Viboko viwili bado viko nyuma ya kabati la stafrumu, nimeviona, nimeongea na wenyewe. Mlango wa dharura tumeupima tena jana usiku watoto wakiwa ndani, bweni zima nje, wamehesabiwa, dakika 2 na sekunde 15.

Jumatano ijayo kuna walimu wanne wapya wa mazoezi na wapishi wawili walioajiriwa juzi. Nimemwomba mama mpishi ndiye awafungulie kikao. Ameniuliza aseme nini, nikamwambia waonyeshe ile ya sweta.